Nilivyojiuzulu Kuwa Babu Yangu

Jina langu la Kisukuma maana yake ni shida. Tena si shida moja, ambayo mtu angeweza kuivumilia. Ni shida kwa wingi, kama zimefungwa kwenye gunia na kushushwa mlangoni. Sitaliandika hapa. Wasukuma watakuwa wameshalikisia, na wengine wasijisumbue, maana nikilitaja watacheka kabla sijafika kwenye sehemu ya kuchekesha.

Lilikuwa jina la babu, mzaa baba. Alizaliwa mwaka ambao ng'ombe wa kwao walikufa wote kwa ugonjwa. Mama yake akatazama zizi tupu, akatazama mtoto, akaona hakuna haja ya kupoteza muda kutafuta jina. Babu akalibeba mpaka uzeeni, akafariki miezi miwili kabla mimi sijazaliwa. Mimi nikatoka, mvulana, kichwa kikubwa kama chake, na kabla sijamaliza kile kilio cha kwanza bibi alikuwa ameshanikabidhi urithi wangu. Wenzangu hurithi mashamba.

Sasa, nyumbani kwetu ukipewa jina la mtu hupewi jina tu, unapewa mtu mwenyewe. Bibi, ambaye tunaishi naye hapa Buhongwa, ananiita "mume wangu". Baba ananiita "baba". Shangazi yangu, ambaye nyumba yake kule Ilemela imekaa juu ya mawe kama kuku anayeatamia, na ambaye sauti yake inaweza kumwita mtu aliye ng'ambo ya ziwa, akija kwetu anapiga goti mbele yangu na kusema, "Shikamoo baba." Nami nilianza kuitikia "marahaba" nikiwa bado najikojolea. Kuku akichinjwa, firigisi ni yangu. Baba ni mtu mzima, anachomelea mageti ya chuma pale barabara ya Shinyanga, mikono yake imejaa alama za cheche, lakini anakula shingo huku akiitazama firigisi ikipita.

Kwa miaka mingi niliutumia vibaya wadhifa huu, naomba nikiri. Nikiwa darasa la nne nilivunja kioo cha jirani kwa manati. Baba akavua mkanda. Nikamwambia kwa upole, "Mwanangu, ndiyo unampiga baba yako?"

Mkanda ukasimama hewani. Baba akafikiri kidogo.

"Nitakuchapa kama mwanangu," akasema, "halafu nitakuomba radhi kama baba yangu."

Akafanya vyote viwili, kwa mpangilio huohuo.

Ubabu una hasara zake pia. Bibi ana kumbukumbu ndefu kuliko reli. Naweza kuwa nimekaa mezani nahangaika na hesabu za pembetatu, yeye anatokea jikoni na mwiko mkononi: "Ulipokwenda Magu kwenye ile harusi, ukakaa siku nne bila kuaga, ulikuwa unafanya nini huko?" Mwanzoni nilijitetea kwamba mimi sikuwepo. Nikaja kuambiwa kwamba "mimi sikuwepo" ndilo jibu alilokuwa akilitoa babu kwa kila kitu. Siku hizi naomba radhi tu. Nimeomba radhi kwa makosa yaliyotendeka kabla baba hajaota meno.

Hayo ya nyumbani niliyaweza. Shule ndiyo iliyoniharibia.

Mwanzoni mwa kidato cha nne tulialikwa kwenye mdahalo wa Kiingereza na shule moja yenye mabasi yake na maua getini. Mwenyekiti wa mdahalo alikuwa msichana aliyeongea Kiingereza kama amenyonyeshwa nacho. Akasema tuanze kwa kufahamiana, kila mmoja ataje jina lake na maana yake. Msichana mmoja wa upande wao akasimama: jina lake la Kijaluo, alizaliwa asubuhi jua likichomoza. Makofi, na mtu akasema "oooh". Mwenzangu ninayekaa naye dawati moja, Mhaya ambaye kwao walihamia kutoka Bukoba, akakohoa kidogo kama waziri, akasema jina lake maana yake ni Mungu ametosha. Makofi tena.

Zamu yangu. Ningeweza kudanganya. Ningesema "baraka", ningesema "simba mdogo", nani angejua? Lakini mwalimu wetu ni Msukuma wa Misungwi, na alikuwa amekaa mstari wa mbele ananitazama usoni. Nikasema ukweli.

Ukumbi ulicheka mpaka nikafikiri feni zitaanguka. Kwa saa nzima iliyofuata, kila nilipoinua mkono, mwenyekiti alitangaza kwa Kiingereza chake cha maziwa, "Shida zinaomba kuuliza swali." Nikiketi: "Shida zimekaa, asanteni." Mada ilihusu kuondoa umaskini. Upande wa pili walisema hawahitaji ushahidi mwingine, ushahidi uko pale mezani umevaa tai. Tukashindwa.

Nikiwa narudi nyumbani nilielewa jambo moja. Jina likikaa ndani ya lugha yake, linalala. Kwetu hakuna anayesikia shida akiniita. Wanasikia babu. Ni ukilivusha kwenda lugha nyingine ndipo linaamka na kuanza kuuma watu.

Wiki hiyohiyo mwalimu wa taaluma akabandika ubaoni orodha ya majina ya watakaofanya mtihani wa taifa. "Kila mtu ahakiki jina lake," akasema. "Anayetaka kubadilisha, mzazi wake akaape kwa mwanasheria, karatasi niwe nimeipata Jumatatu kabla ya saa nane mchana. Baada ya hapo limekwenda. Litakalorudi kwenye cheti ndilo utakaloombea kazi, utakalooa nalo na utakalozikwa nalo."

Nikamfuata mezani palepale, nikamwambia mimi nabadilisha, jina langu linanidhalilisha. Nikamfuata tena kesho yake kumkumbusha, na kesho yake tena, mpaka akanikataza kusogelea ofisi.

Jipya nilikuwa nalo tayari. Lilikuwa la mchezaji mmoja wa Ulaya, winga wa kushoto. Ukilitamka linateleza lenyewe. Nililiandika nyuma ya daftari la Jiografia mara arobaini, pamoja na saini yake, yenye mkia kama wa mjusi.

Jumatano jioni nikamfuata baba kibandani kwake. Alikuwa amelala chini ya geti kama fundi wa magari.

"Baba, kuna karatasi nataka unisaidie kwa mwanasheria."

"Umeiba nini?"

"Sijaiba. Nabadilisha jina."

Akatoka chini ya geti, akavua miwani myeusi. "Jina la nani?"

"Langu."

"Lako lipi? Hilo ni la baba yangu. Mimi nani nimbadilishe baba yangu jina? Akifufuka leo anikute natoka kwa mwanasheria, nitamwambia nini?"

"Si ndiyo mimi? Nimeshafufuka. Nakuruhusu."

Baba akanitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayepima geti aone limepinda wapi.

"Kamuulize mkeo," akasema, akarudi chini ya geti.

Mke wangu alikuwa uani anakata viazi vitamu vya kukausha michembe. Nikachuchumaa, nikamweleza yote: mdahalo, mwenyekiti, winga wa kushoto. Alisikiliza bila kuacha kukata. Vipande vilikuwa vinaanguka kwenye ungo, tap, tap, tap.

"Mume wangu," akasema nilipomaliza, "unajua nimebaki na nini cha kwako? Koti walichukua ndugu zako. Baiskeli walichukua ndugu zako. Picha ilikuwa moja tu, ya kitambulisho, ikaliwa na mchwa. Jina ndugu zako hawakulitaka, ndiyo nikalichukua mimi."

Nilitazama viazi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, na hizo ninazijua namna ya kuzikimbia. Kwa hayo sikuwa na njia.

"Lakini," akaendelea, "mwanaume asiyetaka kukaa hafungwi kamba. Nimekuacha. Ila jina la mtu mzima haliachwi kimyakimya. Nenda Nyegezi ukamwambie rafiki yako kwa mdomo wako. Akishasikia yeye, baba yako atakupeleka huko kwa wanasheria."

Rafiki yangu wa Nyegezi ana zaidi ya miaka themanini. Yeye na babu walifanya kazi pamoja ujanani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, wakawa wanatukanana kila siku mpaka babu alipofariki, na nilipozaliwa mimi mzee aliendelea alipoishia. Sasa hivi anakata makatambuga, vile viatu vya tairi, kwenye kibanda jirani na stendi ya mabasi. Ukikaa kwenye benchi lake unaona kipande cha ziwa katikati ya vibanda viwili vya nguo, chembamba kama mkanda.

Nilimkuta Jumamosi asubuhi, kisu mkononi, tairi mapajani.

"We mzee!" akanipokea kwa sauti. "Bado hujafa tu?"

"Nimeshindwa kukuacha duniani peke yako, utaaibisha watu."

"Meno yako yote yapo?"

"Yapo. Yako umeyaacha wapi?"

Abiria wawili waliokuwa wanasubiri basi la Shinyanga walinitazama kama mtoto aliyelelewa na nyani. Hiyo ni salamu yetu ya kila siku. Nikakaa.

"Leo sikuja kwa utani," nikasema. "Nimeliacha jina."

"Jina lipi?"

"La babu. Jumatatu naandikishwa kwa jina lingine. Bibi kaniambia nikwambie mwenyewe."

Kisu kikasimama kwenye tairi. Nikaandaa uso wa kupokea hotuba: wazee wetu, mila zetu, vijana wa leo. Uso huo ninao, nautumia paredi kila Jumatatu.

Mzee akatupa kisu chini, akapiga makofi.

"Hulitaki?"

"Silitaki."

"Kabisa kabisa?"

"Kabisa."

"Subiri." Akageuka kwa mama muuza machungwa wa kibanda cha pili. "Mama! Acha machungwa, njoo uwe shahidi. Haya kijana, rudia."

Nikarudia, mbele ya mama na machungwa yake. Mzee alikuwa ameshatoa simu na kuibonyeza kwa kidole kimoja.

"Haloo! Mtoto ameshapewa jina? Bado? Msimpe! Msimpe jina lolote! Nimelipata! ... Ndiyo, lile! Mwenyewe kaliacha! ... Kwa hiari yake, nina shahidi!"

Alikuwa anapiga kelele kama mtu aliyeona ng'ombe wake aliyepotea akirudi na ndama. Kisha akanieleza. Alikuwa amepata kitukuu wa kiume Jumanne. Huko nyuma alishapata wajukuu watatu wa kiume, na mara zote tatu alikwenda kwa bibi kuomba jina la rafiki yake, na mara zote tatu bibi alimjibu kwamba jina lina mwenyewe, yuko hai, na yeye hawezi kuwa na waume wawili, ni mama wa kwaya.

"Na wazazi wake walitaka kumwita nani?" nikauliza.

"Aa, wale! Sijui mchezaji gani wa mpira, huko Ulaya. Nikilitamka meno ya bandia yanataka kutoka." Akajaribu. Meno yalibaki, kwa shida. Lilikuwa lilelile langu, la winga wa kushoto.

"Basi mmebadilishana," akasema mzee nilipomwambia. "Wewe chukua lake, yeye anachukua lako. Hakuna aliyepunjwa. Kesho mchana tunamleta kwa bibi yako amuone mumewe."

Niliondoka Nyegezi nikiwa na kila nilichokitaka. Lakini umewahi kutoa nje kigoda chako kibovu ukitupe, halafu jirani akakichukua, akakifuta vumbi, akakalia, akaegemea ukuta na kufumba macho kwa raha? Ndivyo nilivyojisikia.

Kazi ya kuwa mtoto wa kawaida ilianza jioni hiyohiyo. Shangazi alikuja kutoka Ilemela, habari ameshazipata. Nikasimama mlangoni kama kawaida, nikasubiri goti. Akasimama wima. Mimi nikasimama wima. Tukatazamana.

"Nasubiri," akasema shangazi.

"Unasubiri nini?"

"Shikamoo yangu. Ya miaka kumi na saba."

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, hujambo? Nenda kaniletee maji ya kunywa, na ufute hiyo pua."

Kwa ajili ya shangazi alichinjwa kuku. Bibi alipokuwa anapakua, kijiko kilifika juu ya sahani yangu, kikasita, kikapita. Firigisi ikatua kwa baba. Baba aliitazama kwa heshima, kama mtu aliyeletewa barua kutoka Ikulu. Akaitafuna huku amefumba macho. Alitafuna muda mrefu mno kwa nyama ya ukubwa ule.

"Mungu ni mwema," akasema.

"Kijana," bibi akaniambia, "nisogezee chumvi."

Kijana. Mimi ndiye niliyekuwa kijana.

Jumapili baada ya kanisa mwenzangu wa dawati alikuja kwetu na simu ya dada yake. Alikuwa na wazo: kwa kuwa kesho naandikishwa, tutafute maana ya jina jipya, ili siku nyingine nikiulizwa kwenye mdahalo niwe na jibu la kuwanyamazisha. Tukakaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba. Akaandika, akasoma, akaigeuza simu kifudifudi.

"Nini?"

"Hamna."

"Soma."

"Ni ya zamani sana lakini. Ya karne na karne."

"Soma bwana!"

"Pua iliyopinda."

Nikamnyang'anya simu. Ilikuwa kweli. Huko kwao, katika lugha ya mababu zao, walimtazama mtu fulani usoni, wakasema kilichokuwepo, na jina likaendelea kurithiwa mpaka likafika kwa winga wa kushoto mwenye magari sita. Tukatafuta lingine, la mwigizaji: kipara mdogo. La tatu: anayechechemea. La nne, ambalo nililipenda sana kwa sababu lina mlio wa kirais: mwenye kichwa kibaya.

"Hawa watu," nikasema, "hawakuwa na jina hata moja zuri?"

"Yapo, lakini ni ya kina dada." Akanitazama uso kwa upande, akipima. "Mimi ningekaa na hilo la pua. Na yako, ukiangalia vizuri, si mbali."

"Wewe nyamaza. Wewe Mungu amekutosha."

"Unajua nilivyopewa?" Akashusha sauti, jambo ambalo Mhaya yule halifanyi mara nyingi. "Mimi ni wa nane. Bibi yangu anasema waliotosha hawakuwa Mungu, walikuwa watoto. Baba akaona aliweke vizuri."

Tukacheka mpaka tukateleza kwenye jiwe. Tulikuwa bado tunajikung'uta vumbi tuliposikia sauti ya mzee wa Nyegezi ikiingia getini mbele ya mwili wake.

Walikuja wanne: mzee, mama wa mtoto, dada yake aliyebeba kapu la ndizi, na mtoto mwenyewe, ambaye alionekana kama kiazi kilichofungwa shuka. Bibi alikuwa amevaa kitenge cha kwaya. Akakaa sebuleni kwenye kiti chake, akanyoosha mikono, akawekewa mtoto. Baba, mama na shangazi walikuwa wamejipanga ukutani. Mimi na mwenzangu tulisimama mlangoni, kwa kuwa vijana husimama mlangoni.

Bibi alifunua shuka, akamtazama.

"Mume wangu," akamwambia.

Kwa sauti ileile. Sijui nilitegemea nini. Labda nilifikiri kila mume ana sauti yake.

"Umekuja," akaendelea. "Na utakaa safari hii, au utaniacha uende zako? Maana wewe nakufahamu. Ulipokwenda Magu kwenye ile harusi, siku nne, ulikuwa unafanya nini huko?"

Mtoto akapiga miayo.

"Angalieni!" mzee akashangilia. "Ndivyo alivyokuwa anajibu!"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Lile lilikuwa swali langu. Kwa miaka yote nililikimbia, nikajificha chooni nalo, nikajifanya nina homa kwa ajili yake, na sasa limepelekwa kwa mtu wa siku tano ambaye hajui hata Magu iko upande gani. Na bibi alikuwa anangoja. Alikuwa amemwinamia yule mtoto kidogo, kama mtu anayesikiliza mlango ambao hajui kama utafunguliwa.

"Naomba radhi," nikasema.

Vichwa vikageukia mlangoni kimoja kimoja.

"Wewe nani?" akauliza bibi. "Hii ni kesi ya mtu na mumewe."

"Ni mimi niliyekwenda Magu."

Mwenzangu alinivuta shati kwa nyuma. Nikaendelea, kwa kuwa nikianza jambo la aibu huwa nalimaliza: "Nilikwenda kwenye harusi, nikakaa siku nne, sikuaga. Nilikosa. Naomba radhi, na nataka kurudi."

"Nimeshakuacha."

"Najua. Narudi."

"Haiwezekani!" mzee akasimama. "Kaliacha mwenyewe! Nina shahidi, mama muuza machungwa!"

"Kaa chini," bibi akamwambia, naye akakaa. Kisha akanigeukia mimi, uso mkavu kabisa, ila kidevu kilikuwa kinamcheza. "Mwanaume aliyeachwa harudi kwa miguu yake tu, kama mbuzi. Ana mshenga?"

Nikatazama huku na huku. Mwenzangu alirudi nyuma hatua mbili. Ndipo baba akajitoa ukutani, akavuta kigoda, akakaa mbele ya mama yake mzazi, akakunja mikono mapajani.

"Hodi hapa," akasema baba.

"Karibu. Umetoka wapi?"

"Nimetoka... hapo ukutani."

"Umekuja na neno gani?"

"Nina kijana wangu. Kwa upande mwingine ni baba yangu. Anaomba mke, ambaye ni mama yangu." Akajikuna kichwa. "Naomba mnielewe, si kazi rahisi."

"Ana kazi gani huyo kijana?"

"Anasoma."

"Tabia yake?"

Baba akanitupia jicho pale mlangoni.

"Huko tusiingie," akasema.

Shangazi alikuwa ameshika ukuta kwa kicheko. Mama akaingia jikoni akarudi na sinia: sato mzima wa kukaanga, ambaye kwa kweli alikuwa wa wageni, akamweka mbele ya bibi kama kishika uchumba. Bibi akamgeuza kwa kidole, akamkagua macho, akasema amekubali. Mzee wa Nyegezi akatazama samaki wake akiposa mke wa mtu mwingine.

"Na huyu je?" akauliza kwa unyonge, akionyesha kitukuu wake.

Bibi alimtazama mtoto, akanitazama mimi. Akamrekebishia mtoto shuka, nami sikujua angesema nini. Nadhani hata yeye hakujua.

"Huyu simrudishi," akasema hatimaye. "Ameshanikojolea, tumezoeana. Na huyu wa mlangoni amerudi. Mjini hapa kila mwanamke ana laini mbili za simu. Mimi nitakuwa na waume wawili."

"Na kwaya?" akauliza shangazi.

"Kwaya waje waniulize."

"Na firigisi?" Hiyo ilikuwa sauti ya baba, ya chini sana.

"Ya mume mkubwa. Mdogo hana meno. Akiota, watajua wenyewe namna ya kugawana."

Baba akainamisha kichwa. Alikuwa amekula firigisi moja katika miaka kumi na saba, na nadhani alishajua kwamba ile ndiyo imetoka. Shangazi akaja mbele yangu, akavuta pumzi, akapiga goti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Futa hiyo pua."

Alinifinya mguu kwa nguvu kiasi kwamba alama ilikuwepo kesho yake. Kisha nikaitwa kwenye kiti cha bibi, nikapewa mume mwenzangu nimshike. Alikuwa mzito kuliko alivyoonekana. Alinikazia macho yale ya watoto wachanga, yasiyojua yanatazama nini, nikamnong'oneza kwamba akiulizwa habari za Magu asijitetee.

Jumatatu nilifika ofisi ya taaluma saa nne. Mwalimu alikuwa na orodha, rula na kalamu nyekundu, na foleni nyuma yangu ilifika hadi mlangoni. Aliponiona aliweka kalamu chini.

"Haya. Karatasi ya mwanasheria."

"Sina, mwalimu. Nabaki na lilelile."

"Lilelile?" Akavua miwani. "Wiki nzima hujaniacha ninywe chai. Linanidhalilisha, linanidhalilisha. Limeacha kumaanisha shida?"

"Hapana, mwalimu. Bado ni shida."

"Sasa kimebadilika nini?"

"Kuna mtu mwingine alilitaka."

"Nani huyo?"

"Yuko Nyegezi. Ana siku sita."

Mwalimu akanitazama, akatazama orodha, akanitazama tena. Akavaa miwani, akaweka tiki mbele ya jina langu, akashusha rula mstari mmoja.

"Anayefuata."